Kompyuta ya Nyumbani Ikizorota: Namna ya Kuondoa Programu Hasidi na Kulinda Akaunti

Kompyuta moja ya nyumbani siku hizi hubeba mambo mengi ya familia kwa wakati mmoja. Mzazi huitumia kuwasilisha ritani ya kodi, binti hujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na kijana hupakua filamu na michezo humo humo. Inapoanza kuchukua dakika kumi kuwaka, au kivinjari kinapofungua kurasa za kamari ambazo hakuna aliyeziomba, kasi huwa ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Hasara kubwa ni nywila na kumbukumbu za benki zinazoweza kuwa zimekwishasafirishwa kwa wahalifu.

Hata hivyo, si kila kompyuta nzito imeambukizwa. Diski iliyokaribia kujaa, kumbukumbu ndogo au feni iliyozibwa na vumbi huleta dalili zinazofanana. Katika kompyuta yenye mfumo wa Windows, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc hufungua dirisha linaloorodhesha programu zinazofanya kazi na kiasi cha uwezo wa mashine ambacho kila moja inatumia. Programu isiyojulikana inayomeza sehemu kubwa ya uwezo huo wakati hakuna kazi yoyote inayofanyika inapaswa kutiliwa shaka. Baadhi ya programu hasidi huchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu aliye mbali, na anayelipa umeme ni mwenye nyumba.

Zipo pia dalili ambazo si za kirusi. Matangazo yanayojitokeza pembeni mwa skrini na kudai kwamba kompyuta ina virusi vingi mara nyingi hutokana na tovuti ambayo mtumiaji aliiruhusu kutuma arifa. Ruhusa hiyo hufutwa katika mipangilio ya kivinjari, pamoja na viendelezi visivyotambulika. Namba ya simu inayotolewa kwenye tangazo la aina hiyo haifai kupigwa kwa hali yoyote, kwa kuwa anayepokea ndiye tapeli mwenyewe.

Shaka inapothibitika, hatua ya kwanza ni kukata intaneti ili programu hasidi isiendelee kupeleka taarifa nje. Mtumiaji asiingie katika akaunti ya benki wala barua pepe kupitia mashine hiyo. Nyaraka na picha muhimu zinakiliwe kwenye diski ya nje, bila kuchukua programu yoyote, na diski hiyo isichomekwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kukaguliwa.

Windows 10 na Windows 11 huja na programu ya kinga iitwayo Microsoft Defender, hivyo si lazima mwananchi anunue nyingine. Kufunga programu mbili za kinga kwa pamoja huzifanya zigombane na kuizidishia kompyuta uzito. Baada ya kuunganisha intaneti kwa muda mfupi ili kupata sasisho la orodha ya virusi, mtumiaji anaweza kuchagua ukaguzi wa nje ya mtandao. Kompyuta hujizima na kuwaka upya, kisha ukaguzi hufanyika kabla Windows haijaanza, wakati ambapo programu hasidi haijapata nafasi ya kujificha. Kazi hiyo huchukua takriban dakika 15. Ukaguzi kamili wa diski nzima, ambao unapaswa kufuata, unaweza kuchukua saa kadhaa. Ni vyema kompyuta mpakato ikachomekwa kwenye umeme.

Flashi zinahitaji uangalizi wa pekee. Kirusi kinachogeuza mafaili kuwa njia za mkato kwa kawaida hakiyafuti, bali huyaficha. Wengi hufuta flashi nzima kwa hofu na kupoteza kazi ya miezi. Baada ya kusafishwa, mafaili hayo yanaweza kupatikana kwa kuiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, yakiwemo yale ya mfumo.

Ikiwa tatizo litarudi, dawa ni kufunga Windows upya kutoka chanzo rasmi cha Microsoft. Nakala zisizo na leseni, hasa zile zinazomtaka mtumiaji azime kinga kwanza, ni mlango ambao maambukizi mengi hupitia, na kuzitumia kutibu kompyuta ni kurudisha ugonjwa uleule. Iwapo mafaili yamefungwa na wahalifu wanadai fidia, malipo hayatoi uhakika wowote wa kuyarejesha. Mradi wa kimataifa wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa ushiriki wa Europol, hutoa bila malipo zana za kufungua baadhi ya aina za mafaili hayo.

Kompyuta ikirudia kasi yake, kazi bado haijaisha. Nywila iliyoibiwa hubaki mikononi mwa mwizi hata baada ya kirusi kuondolewa. Zote zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, kuanzia na ya barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayotumika kurejesha akaunti nyingine. Vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti viondolewe, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Masasisho nayo yasiahirishwe: shambulio la WannaCry la Mei 2017 lilitumia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imeutolea kiraka Machi mwaka huohuo. Wanaotumia Windows 10 wazingatie kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025.

Kwa mwananchi ambaye tayari ameibiwa fedha, mpangilio wa hatua hubadilika. Anapaswa kuiarifu benki au kampuni ya simu mara moja, kisha kutoa taarifa kituo cha polisi kabla ya kufuta chochote, kwa kuwa kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ushahidi wake umo ndani ya diski hiyohiyo anayotaka kuisafisha.