Fahamu: Maganda ya ndizi Suneka yaende wapi?

Kwenye vibanda vya Suneka, kando ya barabara ya Kisii–Migori, maganda ya ndizi na majani ya kabeji hurundikana kabla jua halijatua. Yakitiwa kwenye mfuko pamoja na chupa na nepi, hayana faida tena.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikaongeza: zinazooza zitengwe na zisizooza, na kaunti ziweke vituo vya kuchambulia taka. Aprili 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, iliagiza taka zinazooza zitiwe tu katika mifuko inayooza kabisa, ikatoa siku 90 za kujiandaa.

Mwenye shamba, hata kipande kidogo, hana haja ya kungoja lori la taka. Maganda safi ya ndizi na viazi ng'ombe anayala. Yaliyobaki ni mboji: tandaza majani makavu, weka mabaki ya jikoni, kisha samadi kidogo na udongo, urudie. Finya konzi moja. Ikilowesha kiganja bila kudondosha maji, unyevu unatosha. Geuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi inanukia udongo wa mvua, tayari kwa migomba. Nyama na mafuta usitie, huita panya.

Shida kubwa ni ya wapangaji wa ploti wasio na udongo. Hao ndio kaunti iwafikie kwanza, na ndoo mbili mlangoni, moja ya zinazooza na moja ya zisizooza, zingetosha kuanzia.