Kolekole wa Mlango wa Kinasi

Wanangu, mkitaka kumwona kolekole chini ya maji, msimtafute kolekole. Watazameni visamaki.

Hayo niliambiwa kisiwani Mafia, na mzee mmoja wa Chole aliyenipeleka kuzamia kwenye mlango wa Kinasi. Si mlango wa nyumba huo. Ni mwanya katikati ya miamba, ambamo bahari kuu huingia na kutoka katika ghuba ya Chole. Tulingoja maji yaanze kujaa. Wakati huo yanayoingia ni maji ya bahari kuu, safi, na mkondo ukikuchukua hukupeleka ndani ya ghuba, haukutoi nje kwenye kina kirefu.

"Mzee, leo tutamwona?" nilimuuliza tukiwa mashuani.

"Mwanangu, yule haji kwa kuitwa. Wewe watazame wadogo, watakwambia."

Tukavaa mitungi ya hewa, tukajitosa. Ukifika mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na masikio yanaanza kuuma. Unabana pua, unapuliza polepole, yanazibuka. Jambo moja usilifanye kamwe: usizuie pumzi. Hewa iliyo mapafuni hutanuka unapopanda, na ikikosa pa kutokea itakujeruhi. Basi tulishuka huku tunapumua, taratibu, hadi kwenye tumbawe moja lenye matawi mengi membamba kama kichaka.

Juu ya kichaka kile walielea visamaki wadogo kama kidole gumba, rangi yao kati ya kijani na buluu, wakidonoa vijidudu vinavyoletwa na mkondo. Niliwanyoshea mkono, wakasogea kidogo tu. Hawakunijali. Pembeni pono walikuwa wakikwangua mwamba kwa midomo yao migumu, na ukitulia unawasikia kabisa: kwa, kwa, kwa, kama mtoto anayetafuna barafu.

Mara visamaki wote wakazama ndani ya matawi. Si mmoja mmoja. Wote kwa mpigo, kama taa iliyozimwa.

Mimi sikuona kitu! Mzee alinishika bega, akanielekezea kidole upande wa bahari kuu. Niliona buluu tupu. Halafu ndani ya buluu ile pakatokea jicho.

Hapo ndipo nilipoelewa. Magamba ya kolekole ni ya rangi ya fedha, na ubavu wake hufanya kazi ya kioo: akiwa katikati ya maji ya buluu, hukurudishia buluu ileile. Unamtazama yeye, unaona bahari. Visamaki hawasubiri hadi wamwone vizuri. Samaki ana mstari ubavuni, kuanzia kichwani hadi mkiani, wenye vitundu vinavyohisi maji yanaposukumwa, na kolekole mkubwa anaposogea husukuma maji mengi.

Alipita karibu yangu, pengine hatua nne. Kipaji chake kilikuwa cha mviringo, kama nyundo iliyolainishwa. Mapezi ya ubavuni yalikuwa marefu, yamepinda kama mundu. Kilichonishangaza zaidi ni shina la mkia, jembamba mno kwa mwili mkubwa vile, limepangwa magamba magumu yenye ncha pande zote mbili, na nyuma yake mkia uliogawanyika kama panda ya manati. Nguvu zote za mwili hupitia pale. Kolekole mkubwa kabisa huweza kufikia sentimita 170 na kilo 80, mzito kuliko baba zenu wengi, na akifyatuka hutambui alikoanzia.

Mnauliza, mbona asile kundi zima la dagaa kwa mara moja? Kundi linamchanganya. Macho mengi, miili mingi, vyote vinang'aa na kugeuka pamoja; hajui amkamate yupi. Watafiti wa kule Hawaii waliona kwamba kolekole wakiwinda wengi hulipasua kundi, na dagaa anayebaki peke yake ndiye anayeliwa. Na huko Ushelisheli wamepigwa picha wakiruka nje ya maji na kudaka ndege. Ndege, wanangu!

Lakini kolekole huyohuyo utotoni hujificha. Wengi hukulia kwenye maji ya kina kifupi, midomoni mwa mito na kwenye mikoko, kabla ya kutoka kwenda mwambani. Ukikata mikoko umemharibia malezi. Ukipiga baruti baharini umevunja na kichaka cha wale visamaki, na mwamba uliovunjika hauna wa kuwindwa wala mwindaji. Nimeuona mwamba wa namna hiyo, kifusi kitupu, na sipendi kuuona tena. Mafia ilipewa hifadhi ya bahari mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, na ninaamini ule mwanya wa Kinasi unastahili kila siku ya ulinzi.

Kolekole aligeuka mara moja, akatutazama kwa jicho lile pana, akaingia tena katika buluu. Sikujua kama ameondoka au bado yupo. Nikafanya nilivyoagizwa, nikakitazama kichaka.

Kwa muda hakikutikisika kitu. Halafu kwenye ncha ya tawi moja pakachungulia pua ndogo ya kijani, ikarudi ndani, ikachungulia tena.