Fleet Street ni mto, na Darajani palikuwa na daraja

Na Mwandishi Wetu, London

Zamani mwandishi wa habari akifika London hutamani kwanza kuiona Fleet Street, mtaa wa magazeti. Mimi nilichelewa. Magazeti yalishahama, hata Reuters waliondoka mwaka 2005. Kilichonishangaza ni jina. Fleet si jina la lodi wala la tajiri. Ni mto.

Na mto wenyewe upo. Unaanzia Hampstead, kaskazini ya jiji, unapita chini ya King's Cross na kumwagikia Mto Thames. Enzi hizo ukipitisha mashua. Wachinjaji na watengeneza ngozi wakautupia uchafu hadi ukanuka, na kuanzia miaka ya 1730 ukafunikwa kipande kwa kipande. Baada ya uvundo mkubwa wa mwaka 1858, mhandisi Joseph Bazalgette akalijengea jiji mitaro mikuu ya maji machafu, na Fleet nao ukaingizwa humo. Pale Ray Street, mbele ya baa moja, pana wavu wa chuma barabarani. Ukitega sikio utausikia unakwenda.

Siku niliyousikia niliikumbuka Darajani kwetu Unguja. Wangapi tumenunua samaki pale bila kujiuliza daraja liko wapi? Palikuwa na mkono wa bahari baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, maji yakijaa na kupwa. Wakati wa Waingereza ukafukiwa kwa awamu, kazi iliyofika hadi miaka ya 1950. Barabara iliyopita juu yake wakaiita Creek Road. Leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa, kwa hiyo hata jina hilo halipo.

London walau waliuachia mto njia chini ya ardhi, na bado hawakusalimika: Agosti 1975 Hampstead ilipata milimita 170 za mvua kwa saa chache tu, majumba yakajaa maji. Sisi tumejenga mabondeni bila hata mtaro. Kwa miaka mingi masika yakikaza, Mwanakwerekwe iligeuka ziwa, barabara ikakatika.

Ndugu msomaji uliye ughaibuni, kabla hujatuma pesa za kiwanja, mpigie simu mzee wa mtaa huo umuulize maji yalikuwa yakipita wapi. Mimi sikuuliza. Masika ya kwanza ndugu yangu alinipigia akiwa amesimama juu ya kitanda.