Mipaka ya Neno katika Leseni za Teknolojia: Mgogoro wa Intel na AMD

Makala haya yanajadili leseni za teknolojia baina ya makampuni yanayoshindana katika utengenezaji wa chipu za kompyuta. Tunadai kwamba thamani ya leseni hizo hutegemea mipaka ya maneno ya mkataba zaidi kuliko kiwango cha mrabaha.

Kwa kawaida mrabaha hueleweka kuwa malipo anayopewa mwenye hataza au hakimiliki na yule anayeitumia mali yake. Maelezo hayo huwatosha mwandishi na mchapishaji. Baina ya washindani, hata hivyo, kila upande huweza kumiliki hataza ambazo mwenziwe hana njia ya kuzikwepa. Kwa hiyo hupeana leseni, na kinacholipwa, kama kipo, ni tofauti inayobaki baada ya haki za pande mbili kupimana.

Intel na AMD, makampuni ya Marekani, yalifunga mkataba wa aina hiyo mwaka 1976. Kifungu kimoja kiliiruhusu AMD kunakili mikrokodi, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya chipu, za “mikrokompyuta” za Intel. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi iliyotumia chipu ya Intel 8088, na kwa kuwa ilitaka kuwe na mtengenezaji wa pili, mkataba mwingine wa kubadilishana teknolojia ulifuata mwaka 1982. Intel ilipokataa kuitoa chipu ya 386, AMD ilikwenda kwa msuluhishi mwaka 1987. Tuzo ya mwaka 1992 iliipa dola milioni 10 na leseni ya kudumu, isiyo na mrabaha, kwa ajili ya Am386. Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliithibitisha mwaka 1994.

Shauri la pili ndilo linalomhusu zaidi mwanaisimu. Je, “mikrokompyuta” ya mwaka 1976 ilijumuisha 287, chipu inayoisaidia mikroprosesa kufanya hesabu? AMD ilisema ndiyo, Intel ilikana. Juri ya mwaka 1992 iliafikiana na Intel. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1994, juri nyingine iliipa AMD haki, kwa mkataba ule ule na neno lile lile. Tusiwalaumu mno walioandika kifungu hicho: mikroprosesa ya kwanza ya Intel, 4004, ilikuwa imetoka mwaka 1971 tu, na istilahi za uwanja huo zilikuwa bado hazijatulia.

Mnamo Januari 1995 pande hizo zilipatana. AMD ililipa dola milioni 58, Intel nayo ikalipa tuzo ya usuluhishi pamoja na riba. Safari hii mpaka haukuachiwa jina la jumla: AMD ilipata haki ya kudumu juu ya mikrokodi za 386 na 486, na kwa vizazi vilivyofuata ilibidi itumie za kwake.