Jino Likitoka, Litaota Tena?

Mtoto akifika miaka 6 meno yake ya maziwa yanaanza kutoka. Hatuna woga, juu tunajua mengine yanakuja. Ya maziwa ni 20, ya mtu mkubwa ni 32. Lakini jino la mtu mkubwa likipigwa na chuma kule kazini, ao likioza, njo mwisho. Mamba wa Lualaba yeye anaotesha meno mapya maisha yake yote. Sisi mara mbili tu. Sababu gani?

Munganga mmoja wa Japani, Katsu Takahashi, ametafuta jibu miaka mingi. Mwilini mwetu kuko proteini yenye kuzuia meno mapya, jina lake USAG-1. Ni sawa breki ya kamio. Mwaka 2021 yeye na wenzake walionyesha kama dawa ya kulegeza breki ile iliotesha meno kwa panya waliozaliwa nayo pungufu. Hata fereti, kinyama chenye kupata meno mara mbili kama sisi, kiliota jino la kuongeza.

Mwaka 2024 wakaanza kujaribu kwa watu mu lopitalo ya universite ya Kyoto: wanaume 30, wa miaka 30 mpaka 64, wenye kukosa jino la nyuma. Kwanza walitaka kujua kama dawa haidhuru mtu. Kisha wanafikiria watoto waliozaliwa bila meno mengi. Tumaini lao ni karibu mwaka 2030. Sisi tuliong'olewa meno tutangoja zaidi.

Basi, leo ufanye nini? Jino la mtu mkubwa likiruka kwa ajali, usilitupe! Lishike upande mweupe, usiguse mzizi. Kama lina udongo, lioshe kidogo na maji safi, bila kusugua. Lirudishe mahali pake, uume kitambaa. Ukishindwa, litie ndani ya maziwa. Kimbia kwa munganga wa meno mbele ya saa moja kupita. Jino la maziwa usilirudishe.

Na mtu akikuuzia sokoni dawa ya kuotesha meno, shika franga zako. Dawa ile haijauzwa popote. Ukisikia jino linauma, usingoje lioze lote: meno uliyo nayo kinywani njo akiba yako.