Petroli Yatoka Mbali

Esansi ipandapo bei hapa Likasi, habari haiishii kwa mwenye gari. Nauli ya teksi hupanda, gunia la unga litokalo Zambia huongezeka bei, na mama hurudi sokoni na kikapu chepesi. Basi yafaa tujue sababu.

Nchi yetu huchimba mafuta huko Moanda, pwani ya Atlantiki, lakini huuzwa nje yakiwa ghafi. Sisi wa Katanga twapokea petroli iliyokwisha kusafishwa ng'ambo. Nyingi hushushwa katika bandari za Bahari ya Hindi, kama Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingia kwa malori Kasumbalesa: safari ya kilometa zaidi ya 2,000. Kila hatua ina gharama yake. Tena vita vya mbali vyatugusa. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta ulimwenguni ilipanda karibu mara nne. Mwaka 2022 vita vya Ukraine viliipandisha tena.

Bidhaa ikipungua, nao waitakao wakabaki wengi, bei hupanda. Lakini petroli ina tabia ya pekee. Nyanya zikiwa ghali, mtu hula mboga nyingine. Esansi ikiwa ghali, mfanyakazi hana budi kufika kazini. Kwa hiyo hata upungufu mdogo huleta ongezeko kubwa.

Tukumbuke jirani zetu. Novemba 1965 Rhodesia ilijitangazia uhuru, na mwezi uliofuata Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta. Ndege za Kanada na za Marekani zikabeba mapipa kutoka Léopoldville, mengine yakashushwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wazambia wakagawiwa petroli kwa kipimo, kila mtu sehemu yake, hata bomba la TAZAMA likaanza kazi mwaka 1968, kilometa 1,710 toka Dar es Salaam hadi Ndola.

Je, sisi? Uvumi wa upungufu ukienea, twakimbia na madumu. Aliyehitaji lita 5 hununua 20. Kituo hukauka, na kesho yake mafuta yale yale huuzwa kando ya njia kwa bei ya juu. Hapo upungufu umezaliwa na hofu yetu wenyewe. Tena dumu la esansi ndani ya nyumba, karibu na mbabula, laweza kuteketeza jamaa nzima.

Nawe dereva, bei huwezi kuiamuru, lakini mguu wako wautawala. Mwendo wa kilometa 80 kwa saa hula mafuta machache kuliko wa 110. Jaza hewa matairi, zima injini usubiripo, wala usiwashe gari kwa safari ya kufika kwa miguu. Majirani waendao kazi moja wapande gari moja, wachangie gharama.

Haba na haba hujaza kibaba. Na lita iliyookolewa njiani ni mkate mezani kwa watoto.