Kufika Chuo Kikuu Ukiwa na Daraja la IV

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na ukajikuta una daraja la IV, utasikia mambo mawili yanayopingana. Jirani atasema basi tena, shule imekwisha. Wakala wa chuo, atakayekupigia simu wiki hiyo hiyo, atasema hakuna tatizo lolote, njoo tu, utasoma mpaka shahada. Wote wawili wamekosea, na huyu wa pili ni hatari zaidi kwa sababu anataka na ada.

Tuchukue mfano. Mtahiniwa anayetamani udaktari amepata C ya Kiswahili, na D katika Uraia, Jiografia, Kiingereza, Bailojia, Kemia na Fizikia. Historia na Hisabati amepata F. Baraza la Mitihani, NECTA, hujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Huyu ana 3 za Kiswahili na D sita za pointi 4 kila moja, jumla 27. Daraja la IV ni pointi 26 hadi 33. Sasa angalia Hisabati. Ile F haimo kabisa kwenye 27. Haikumshusha daraja, kwa hiyo yeye na wazazi wake wanaisahau. Iweke akilini, tutairudia.

Kidato cha tano hakimpokei, kwa kuwa kinataka angalau C tatu naye anayo moja. Lakini vyuo vya kati vinavyosimamiwa na NACTVET humpokea mwenye ufaulu wa D nne katika masomo yasiyo ya dini, na kila kozi huongeza masharti yake. Kozi ya utabibu hutaka Bailojia, Kemia na Fizikia ziwemo katika hizo nne. Anazo. Atasoma miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, na kutoka na stashahada. Mwenzake aliyekwenda kidato cha tano atatumia miaka miwili, kwa hiyo tofauti ni mwaka mmoja tu, tena huyu wetu atakuwa na taaluma mkononi.

Baada ya hapo, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamruhusu mwenye stashahada kuomba shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na D nne zake za kidato cha nne. Wengi hujikwaa hapa bila kujua, kwa sababu stashahada yenyewe hutunukiwa kuanzia GPA 2.0. Mwenye 2.6 amehitimu, amevaa joho na anaweza kuajiriwa, ila kwa shahada hana sifa ya moja kwa moja. Itambidi apitie programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo ni safari nyingine na gharama nyingine.

GPA ni hesabu ya wastani, na wastani hausahau. Tuseme mihula miwili ya mwaka wa mwisho ina krediti sawa. Ukipata 2.2 muhula wa kwanza, unahitaji 3.8 muhula wa pili ili kufika 3.0. Ukianza na 2.8, unahitaji 3.2 tu. Mwanafunzi anayesema "muhula huu nizoee mazingira kwanza" anajipandishia mlima mwenyewe. Na 3.0 ni sifa ya kuomba tu. Katika kozi yenye nafasi chache kama Udaktari wa Binadamu pale Muhimbili, waombaji hupangwa kwa ufaulu, na unashindana pia na waliotoka kidato cha sita.

Turudi kwenye ile F. Mwongozo wa udahili wa TCU umekuwa ukimtaka mwenye stashahada ya utabibu anayeomba udaktari Muhimbili awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Bailojia, Fizikia na Kiingereza. Mtahiniwa wetu anaweza kumaliza utabibu akiwa wa kwanza darasani, na GPA ya 4.5, halafu akakwama kwa somo aliloliacha miaka mitatu nyuma. Chuo cha kati hakikumwambia, maana chenyewe hakikuihitaji.

Dawa yake ni kurisiti. Anayerudia halazimiki kufanya masomo yote. Anajisajili NECTA mwanzoni mwa mwaka kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa namba inayoanza na P badala ya S, na kufanya mtihani Novemba. Matokeo ya mwanzo hayafutiki, ila sasa ana vyeti viwili, na kwenye maombi ataandika namba zote mbili. Usijaribu kuficha cha kwanza wala kukirekebisha. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliohakiki ni NECTA, walewale wanaotunza matokeo yako.

Lakini wewe bado uko shuleni, na kwako D ya Hisabati ni rahisi kuliko itakavyokuwa baadaye. D huanzia alama 30. Mtahiniwa wa shule huingia na alama za upimaji endelevu, ambazo zina uzito wa 30 kati ya 100. Wa kujitegemea hana kitu hicho, anategemea karatasi peke yake. Karatasi yenyewe ina maswali kumi ya alama 6 katika Sehemu A na manne ya alama 10 katika Sehemu B. Kwenye karatasi peke yake, maswali matano ya Sehemu A yaliyokamilika ni alama 30 kati ya 100. Kama Hisabati imekushinda tangu kidato cha pili, usianze na mada zinazokutisha. Chukua takwimu, akaunti na seti, fanya maswali ya miaka mitano iliyopita ya mada hizo tatu, ukionyesha njia hatua kwa hatua, kwa sababu njia nayo ina alama hata jibu likiwa limekosewa. Halafu ongeza ya nne.